Maji yanayoteremka na shina la mkulo: rangi ile ya chai ndiyo kaboni?

Mwalimu_wa_Kihamba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, si mbali na mpaka wa msitu, na ninafundisha jiografia sekondari. Masika haya niliweka ndoo tatu: moja mahali pa wazi, ya pili chini ya matawi ya mkulo mkubwa, na ya tatu nikaielekezea maji yanayoteremka na shina la mti huohuo, baada ya kulizungushia shina kipande cha mpira uliopasuliwa. Maji ya mahali pa wazi yalikuwa maangavu, ya chini ya matawi yalikuwa na unjano hafifu, na yale ya shina yalifanana na chai ya rangi.

Vitabu vyetu vinaeleza kwamba mvua huyeyusha hewa ya ukaa angani na kuwa tindikali dhaifu. Je, kaboni hiyo ndiyo iliyoyapa maji rangi? Na ikishaingia ardhini, hubaki humo au huishia mtoni?

Mpimamvua

Mwalimu, umeuliza juu ya kaboni mbili zilizo tofauti kabisa. Hewa ya ukaa ikiyeyuka katika matone huyapa uchachu kidogo, kiasi cha pH 5.6 kwa mvua safi, lakini haina rangi. Unayoiona kwenye ndoo ni kaboni ogani, yaani iliyokuwa sehemu ya kitu kilicho hai, ikalowekwa na maji jinsi majani ya chai yanavyolowekwa birikani: tanini (dutu zenye ukakasi) za magome, sukari na asidi zinazovuja kwenye majani, chavua, kinyesi cha wadudu, maji matamu ya vidukari, pamoja na yanayotoka kwenye kuvumwani (muungano wa kuvu na mwani) na ukoga uliojaa juu ya matawi ya misitu yenye ukungu kama yenu.

Maji ya shina huwa na kaboni nyingi zaidi kwa lita kwa sababu hupita taratibu juu ya magome yenye mikunjo, hukaa humo, kisha husukumwa na mvua inayofuata. Hata hivyo, maji hayo ni machache. Katika misitu mingi hayafiki asilimia 5 ya mvua yote. Mzigo mkubwa hupita kwenye yale yanayodondoka kutoka majanini. Nitoe hesabu ya mfano tu: milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Ikiwa milimita 1,500 zinafika chini kwa mwaka, na kila lita imebeba miligramu 10 za kaboni, hekta hiyo hupokea kilo 150. Ni kidogo ukilinganisha na majani yanayopukutika, lakini jani hukaa juu ya ardhi likingoja kuoza, ilhali kaboni iliyoyeyuka huzama siku hiyohiyo.

Naomba pia usiipime kaboni kwa macho. Sukari haina rangi, kwa hiyo ndoo yako yenye unjano hafifu inaweza kuwa na kaboni nyingi kuliko unavyodhani.

Udongo_wa_Volkano

Niongeze kuhusu ardhini, kwa kuwa swali la mwisho la mwalimu ndilo linalonigusa zaidi. Maji yakitoka mtini hupita kwanza kwenye tabaka la majani yaliyooza, na hapo huchukua kaboni nyingine nyingi, ambayo kwa kawaida huizidi ile iliyotoka juu. Yakiingia kwenye udongo wenyewe mambo hugeuka. Sehemu iliyo rahisi, hasa sukari, huliwa na bakteria na kuvu, na nyingi hurudi angani kama hewa ya ukaa. Sehemu ngumu, yenye tanini na mabaki ya ubao, hunaswa na madini. Udongo wa majivu ya volkano mlio nao Kilimanjaro una alumini na chuma kwa wingi katika hali inayoshika mabaki ya viumbe kwa nguvu sana, na kaboni iliyoshikwa hivyo inaweza kukaa miaka mingi.

Ndiyo maana vijito vinavyotoka msituni kwenu huonekana maangavu wakati shina linatoa chai. Linganisha na mto Ruki, unaoingia mto Kongo karibu na Mbandaka. Maji yake ni meusi, kwa sababu nchi ile ni tambarare, misitu yake hufurika, na maji hulowa kwenye majani yaliyooza kisha hufika mtoni bila kuchujwa na udongo wenye madini ya kutosha.

Mwalimu_wa_Kihamba

Nimeelewa, na ninashukuru sana. Wanafunzi wanataka kupima. Tunacho kipimo cha chumvi kwenye maji, je, kinatosha?

Mpimamvua

Hakitoshi, kwa kuwa hicho huhisi chembe zenye chaji ya umeme, na sukari haina chaji. Kaboni hupimwa maabara, baada ya maji kuchujwa kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, na sampuli lazima ikae kwenye baridi, kwani bakteria huanza kuila siku ileile.

Hata bila maabara kuna kazi nzuri ya kufanya. Wekeni makopo kumi au zaidi chini ya miti tofauti, kwa maana tone haliangukii kila mahali sawasawa, mpime ujazo kila asubuhi, na mlinganishe rangi ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi na ile ya wiki ya tatu ya masika. Ile ya kwanza husafisha vumbi na uchafu wote uliorundikana majanini, na tofauti mtaiona wazi kwenye glasi.

Mwalimu_wa_Kihamba

Tutaanza na vuli ijayo, makopo kumi na mawili, sita chini ya mikulo na sita chini ya migomba ya kihambani, yaani shamba la nyumbani.