Mtu akiamini kwa dhati kitu kisicho kweli, Mungu anaihesabu imani yake?

Mvuvi wa Bara (mleta mada): Wakuu, heshima kwenu. Kuna swali linaninyima usingizi. Mtu akiamini kwa moyo wote, bila unafiki, halafu alichokiamini kikawa si kweli, imani yake inahesabika? Nyumbani tumegawanyika. Matusi hapana.

Kisiki: Manabii wa Baali 450 waliita tangu asubuhi, wakajikatakata kwa visu. Utasema walikuwa wanaigiza? Moto haukushuka. Na Paulo aliwaambia Wakorintho kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Hakusema inatosha maadamu wameamini kwa bidii.

Binti Sayuni: Kisiki unasoma kwa akili tu. Mungu huangalia moyo.

Kisiki: Sauli aliwakamata Wakristo kwa moyo mweupe kabisa, dada yangu.

Mzee Kibao: Mnanikumbusha 2011, safari ya Loliondo na mama mkwe, kunywa dawa ya kikombe ya Babu. Kikombe shilingi 500, foleni ya magari haina mwisho, tukalala garini na vumbi mpaka kwenye meno. Mpaka leo anasema kilimsaidia. Na dawa zake za presha namnunulia kila mwezi, anameza.

Nesi Zamu ya Usiku: Mleta mada, mmegawanyika kuhusu nini hasa? Wakorintho hawamkoseshi mtu usingizi.

Mvuvi wa Bara: Sawa. Ni mtoto, miaka 9. Aligundulika juzijuzi na kisukari cha kuchoma insulini. Mke wangu akampeleka kwenye maombi, akatangaziwa uponyaji, na kweli sukari ikaanza kusoma vizuri kwa dozi ndogo. Tangu Jumapili hachomi. Mashine ya kupimia tumeiacha madhabahuni, tuliambiwa kupima ni kumjaribu Mungu. Nimeshakubali kutoa ushuhuda Jumapili hii. Msinihukumu, mke wangu haigizi, anaomba mpaka sauti inakauka.

Chuma cha Reli: Mwanaume mzima unaendeshwa. Kichwa cha nyumba ni nani hapo?

Nesi Zamu ya Usiku: Chuma, tulia. Mvuvi, sikiliza. Kisukari cha aina hiyo kikishaanza kutibiwa, kongosho huweza kupata nafuu kwa wiki au miezi, dozi ikashuka. Ndicho mlichokiona. Halafu nafuu hiyo huisha. Na Yesu aliwaambia wale wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakikagua na kuthibitisha. Aliyeponya kweli aliwatuma wakakaguliwe.

Mvuvi wa Bara: Lakini anacheza vizuri tu. Insulini sijaitupa, ipo kwenye mlango wa friji nyuma ya chupa ya pilipili. Nikimchoma leo, nitakuwa nimemwambia mke wangu mbele ya mtoto kwamba Mungu wake mwongo.

Kisiki: Hapana. Utakuwa umesema aliyetangaza alikosea. Mungu hakutia sahihi tangazo lile.

Jicho la Tatu: Hii chai. Mwezi uliopita kwenye uzi wa mahusiano uliandika huna mtoto. Leo una wa miaka 9?

Chuma cha Reli: Leteni maandazi, chai imeiva.

Mvuvi wa Bara: Ni wa marehemu dada yangu. Sikutaka kuliweka hapa. Ndiyo maana naogopa, ukoo ulinikabidhi mimi.

Jicho la Tatu: Kila ukibanwa unaleta kipande kipya.

Nesi Zamu ya Usiku: Iwe chai iwe kweli, kuna mzazi mwingine anasoma hapa. Mvuvi, anakunywa maji sana? Anatapika? Anahemaje?

Mvuvi wa Bara: Usiku kamaliza jagi. Asubuhi katapika, mke wangu akasema ni ugonjwa unatoka. Anahema harakaharaka, na mdomo unanukia kama nanasi lililoiva sana.

Nesi Zamu ya Usiku: Hospitali sasa hivi. Usiende duka la dawa, na usimchome kwa kukisia. Beba hicho kichupa cha insulini, waambie mapokezi ana kisukari na amekosa insulini tangu Jumapili. Mkeo aje, aombe njiani.

Binti Sayuni: Mpeleke, kaka. Mimi nafunga na kuomba kuanzia sasa. Hospitali haimzuii Mungu.

Mvuvi wa Bara: Bajaji imefika. Mke wangu aligoma, sasa anajifunga kanga. Mchungaji nimemtumia ujumbe kwamba ushuhuda usubiri vipimo.