Kumfundisha mtu pigo la kurudisha mpira: kwa nini furaha yake inapita ya kushinda?

Mjomba wa Shela, Malindi – swali

Asalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mchezaji wa miaka mingi wa puli, mchezo wa mezani wa kuzamisha mipira matunduni kwa fimbo, na siku zote nilidhani kwamba raha ya mchezo huu ni kuzamisha mpira mweusi huku mpinzani akitazama. Juma lililopita nilimfundisha mpwa wangu pigo la kurudisha, yaani kuupiga mpira mweupe kwa chini ili ugonge mwenzake kisha urudi nyuma kwa mpigaji. Jioni nzima ilimshinda: mara fimbo iliteleza, mara mpira mweupe uliufuata mwekundu hadi tunduni. Nilipomchunguza kwa karibu niliona kwamba kiganja chake cha kushoto kimeinuka na kuibeba fimbo juu mno, basi nikaubonyeza mkono wake ulale kwenye kitambaa, nikamwambia asiikatize fimbo njiani bali aiache ipite. Pigo lililofuata, mwekundu ulizama na mweupe ukarudi taratibu hadi ukingo aliosimama. Hakushangilia, alisema tu, "Mjomba, umerudi."

Furaha niliyoipata hapo sijaipata katika ushindi wowote. Je, nanyi mmeionja? Na mwanafunzi aelezwe sababu kwanza, au mkono utangulie?

Fundi wa Maweni

Wa alaykumu salaam, kaka. Mimi hutengeneza meza, kwa hiyo naanza na sababu. Mipira miwili ya uzito mmoja ikigongana uso kwa uso, mweupe huukabidhi mwenzake karibu mwendo wake wote, lakini haukabidhi mzunguko wake. Ukibaki umesimama huku bado unazunguka kinyumenyume, kitambaa huushika na kuuvuta nyuma. Kitambaa hichohicho ndicho kinachoula mzunguko huo njiani, na ndiyo maana mpira ulio mbali ni mgumu kurudisha, hasa kwetu pwani ambako unyevu wa bahari hukifanya kitambaa kiwe kizito. Mwanzoni weka shubiri mbili au tatu tu baina ya mipira.

Utazameni pia mpira mweupe wenyewe. Katika baadhi ya meza za sarafu, yaani zinazofunguliwa kwa kutumbukiza sarafu, hutengenezwa mkubwa au mdogo kuliko mingine ili mashine iutenganishe ukitumbukia, na ukiwa mzito kuliko wenzake huwa mgumu kurudi hata kwa mchezaji hodari.

Mwalimu wa Barani

Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila sikubaliani naye kuhusu utaratibu. Pigo hili lilijulikana mikononi kabla ya kujulikana vitabuni: kapteni Mfaransa François Mingaud, aliyeistawisha ncha ya ngozi kwenye fimbo, alichapisha mapigo yake mjini Paris mwaka 1827, na hesabu kamili za mipira hiyo zikaandikwa na Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1835. (Huyu ndiye ambaye jina lake limepewa ule mpindo wa pepo unaotokana na mzunguko wa dunia, ambao kaskazi na kusi zetu haziuepuki.) Mwache kijana apige kwanza, kisha umweleze wakati ana swali lake mwenyewe, kwa maana jibu lisilotanguliwa na swali husahaulika kabla ya magharibi.

Kuhusu furaha yako, mimi naielewa hivi. Mkono wako umelizoea pigo hilo kiasi kwamba hukumbuki tena unafanya nini, na ili umfundishe mwingine ilikubidi ulitazame upya, kiganja kiko wapi, fimbo inaishia wapi. Isitoshe, matokeo yake hayasubiri mtihani wa mwisho wa muhula. Darasani mimi hungoja miezi kujua kama nimeeleweka, lakini mezani mpira hurudi au haurudi, na nyote wawili mnauona kwa wakati mmoja.

Dada wa Mambrui

Naongeza jambo moja. Umempa kijana silaha atakayokupigia wewe mwenyewe, nawe ulijua hivyo ulipompa. Anayecheza kwa ajili ya kushinda tu hufundisha nusu na kuficha nusu, na mwanafunzi hulihisi hilo haraka. Kaka yangu alinifundisha bila kuficha kitu, na kila ninapomshinda yeye ndiye anayewaita watu waje kutazama. Usisahau chaki kabla ya kila pigo la chini, maana ncha ya fimbo isiyopakwa chaki ndiyo inayoteleza.

Mjomba wa Shela

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimeuweka mpira mweupe wa kibanda chetu kando ya mwingine, nao kwa kweli ni mkubwa kidogo. Kumbe kijana alirudisha mpira mgumu kuliko nilivyodhani. Nitamweleza jioni hii kabla hatujaanza, kisha tutaongeza masafa kwa shubiri moja.