Naombeni ushauri: shingo inauma, moyo unaenda mbio, mawazo hayaniachi

Kijana wa Nkuhungu:
Habari za usiku wakuu. Nipo Dodoma. Shingo na mabega vinaniuma sana, naamka asubuhi taya limekaza. Moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Halafu kuna mawazo yanakuja yenyewe, nikiyafukuza yanarudi. Malaria nimepima, hakuna. Presha iko sawa. Diklofenaki inatuliza shingo, mawazo yako palepale. Mwili nautulizaje? Nipo serious.

Mgogo Asilia:
Pole sana. Kunywa maji, hili vumbi si mchezo. Mimi nilikuwa na shamba la zabibu Hombolo, bei ikaanguka mavuno yakiwa mtini. Mgongo uliniuma mpaka nikauza shamba.

Baba Wawili:
Una mkopo wa kausha damu wewe. Lipa deni, shingo itanyooka.

Nesi Mstaafu:
Ubongo ukihisi hatari unamwaga adrenalini: moyo mbio, misuli inakaza. Hali hiyo ikidumu misuli inauma, na maumivu nayo yanauambia ubongo hatari bado ipo. Fanya hivi: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo hadi sita au nane. Rudia kwa dakika tano, mabega chini, meno yasigusane. Ukitoa pumzi polepole, neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni inapunguza mapigo. Mawazo usishindane nayo, yaache yapite. Ila hujasema ni mawazo gani.

Kijana wa Nkuhungu:
Ya kawaida tu ya maisha.

Nesi Mstaafu:
Ya kawaida ungeshayataja. Sema, hapa hakuna anayekujua.

Kijana wa Nkuhungu:
Sawa. Nimejifungua, mtoto ana wiki saba. Nikikata mchicha, nikishika tu kisu, inanijia picha namdhuru mwanangu. Nampenda mno. Visu vyote nimepeleka kwa jirani. Jumamosi mama anakuja kutoka Kibaigwa kumchukua, atakunywa maziwa ya kopo. Nimeshaamua, ni kwa usalama wake, msinihukumu. Mume wangu anajua naumwa shingo tu.

Baba Wawili:
Wiki saba unamwachisha ziwa? Wanawake wa siku hizi!

Kijana wa Nkuhungu:
Kaka, sikuuliza habari za ziwa.

Mpekuzi:
Wakuu mnaingia kichwa kichwa. Akaunti hii hii ilitafuta chumba Area C, ikajiita kijana wa kiume, hana familia. Leo amejifungua? Chai hii, stori ya kutunga.

Mgogo Asilia:
Aisee, na mimi nimeshasimulia mpaka shamba langu.

Kijana wa Nkuhungu:
Akaunti ni ya mdogo wangu, anasoma UDOM. Ningeandika kwa jina langu?

Mpekuzi:
Kila chai ina mdogo wake.

Nesi Mstaafu:
Mpekuzi, hata ikiwa chai, yupo mama anasoma hapa na picha hizo hizo anazo. Huwajia wazazi wengi wenye watoto wachanga. Mawazo yanayokutisha na kukuchukiza hayamaanishi unataka kuyatenda, na kuficha visu kunazidisha hofu. Ila ukisikia sauti zinakuamuru, ukianza kuamini mtoto ana kitu kibaya ndani yake, au hulali usiku kucha na huchoki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, mtoto abebwe na mtu mwingine. Mdogo wangu, mama aje akae kwako, akupokee mtoto usiku ulale. Mtoto asiende Kibaigwa. Mumeo mwambie, kisha muone daktari pamoja. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, si lazima ulazwe, wapo wanaotibiwa na kurudi nyumbani.

Kijana wa Nkuhungu:
Sauti hakuna. Mirembe siwezi, mtaa mzima utajua. Mama nitamwomba akae kwanza. Mume bado.

Mama Chang'ombe:
Nesi, na mimi yananijia, wangu ana miezi mitano. Nianzie wapi kama naogopa Mirembe?

Nesi Mstaafu:
Anzia kliniki unakompeleka mtoto chanjo, omba kuongea na nesi faraghani. Mwambie tangu mwanzo kwamba unanyonyesha, wakikupa dawa wachague inayofaa. Na wewe wa Nkuhungu vilevile.