Mrejesho: Tanuri la umeme lililokuwa linagoma kwenye nyuzi 1,100

Wakuu, lile tanuri kuukuu la vyungu nililouliza, linalopanda vizuri kisha linakwama kwenye nyuzi 1,100 za Selsiasi, sasa linafika 1,222 na koni namba 6 (kipande cha udongo maalum kinachopinda joto likitosha) inalala inavyotakiwa.

Aliyenijibu kwamba nisikimbilie kubadili kidhibiti cha joto alikuwa sahihi. Nilizima swichi kuu, nikahakikisha hakuna volti, nikafungua ncha za koili (nyaya zinazotoa joto) na kupima ukinzani wa moja moja. Mpya huwa omu 24. Mbili zilisoma 28, ya chini 29. Kwenye volti 240, omu 24 inatoa wati 2,400, ila omu 28 inatoa kama 2,057 tu. Ndiyo maana lilikuwa linagomea juu. Ongezeko la omu likipita asilimia 10, badilisha, tena zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu joto halilingani.

Mita haikuonyesha kila kitu, lakini. Nati ya koili ya chini ilikuwa nyeusi tii, ganda la waya wake linapukutika ukiligusa. Nimeukata hadi kwenye shaba inayong'aa na kufunga kiungo kipya cha kuhimili joto. Kiungo kilicholegea kitaunguza hata koili mpya.

Moto wa kwanza nimelichoma tupu hadi 1,050, koili zijenge ngozi ya oksidi ya kuzikinga. Thamokapo ya aina ya K (kipima joto cha ndani ya tanuri) nayo nimebadili, ncha ilishaliwa. Hata hivyo kila rafu naweka koni. Namba za kwenye kioo siziamini peke yake.