Mama amebadilishiwa goti, linakunja lakini halinyooki. Tufanye nini mapema?

NyarAhero

Hamjambo wadau. Mama yangu ana miaka 67. Amebadilishiwa goti la kulia hapa Kisumu na sasa yuko nyumbani Ahero, wiki ya pili. Kidonda kinakauka vizuri, na kukunja anakunja bila shida kubwa. Kunyoosha ndiko kunakonitia wasiwasi. Akilala chali, chini ya goti pana pengo ambalo ngumi yangu inapita. Hata kabla ya upasuaji mguu huo ulikuwa umepinda kwa miaka mingi.

Nyumbani tunavutana kuhusu mto. Shangazi humwekea mto mnene chini ya goti mchana kutwa, na mama mwenyewe anasema hapo ndipo maumivu hutulia. Nikiutoa naambiwa sina huruma. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alituonyesha mazoezi siku ya kutoka wodini, lakini ilikuwa haraka haraka, na tarehe ya kliniki bado iko mbali kidogo. Je, mto una madhara kweli? Aliyepitia haya tafadhali anisaidie.

MwalimuMstaafu_Nakuru

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Mimi nina goti la bandia mguu wa kushoto, na hili la mto nalijua vizuri. Utoeni leo.

Mama hasingizii. Goti lililovimba hutulia likiwa limekunjwa kidogo, kwa kuwa hapo maji yaliyojaa ndani hupata nafasi. Lakini likizoea kukaa hivyo, nyama za nyuma ya goti na misuli ya nyuma ya paja hufupika, na kovu linalojijenga ndani wiki hizi hukomaa likiwa fupi vilevile. Mama yako goti lilikuwa limepinda tangu zamani, kwa hiyo misuli hiyo ilikuwa mifupi hata kabla ya kisu.

Kama ni lazima mto, uende chini ya kisigino. Mimi nilikuwa nakunja shuka la Kimaasai mpaka liwe gogo, naweka kisigino juu yake, goti na shavu la mguu vikabaki hewani. Vidole vitazame dari. Mguu ukilalia upande goti hupata mwanya wa kujikunja, na ukiwa mbali na kitanda hata huoni. Tuliza paja, uzito wa mguu wenyewe ufanye kazi. Aanze na dakika 5, aongeze polepole hadi 10 au 15, mara kadhaa kwa siku. Utauma nyuma ya goti, mvuto fulani mzito. Huo unavumilika. Maumivu makali ya kuchoma ni ishara ya kupumzika.

Halafu kuna zoezi ambalo watu hulidharau kwa kuwa halionekani kama zoezi: mguu ukiwa umelala kitandani, akaze paja kana kwamba anataka kulibandika goti kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Mwekee kiganja chako chini ya goti umwambie akibane. Mama yangu mzazi angekuwa hai ningemfanyia hivyo hivyo, maana mgonjwa akihisi kiganja cha mwanawe anajua anakopeleka nguvu.

Dawa ya maumivu aliyoandikiwa anywe kama nusu saa kabla ya mazoezi. Baada ya hapo barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi moja kwa moja.

Jambo moja linaniuma sana. Kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa huuliza, "Linakunja?" Hakuna anayeuliza kama linanyooka. Ukisimama na goti lililopinda, paja halipumziki hata dakika moja. Unachoka ukipanga foleni, unachechemea, na goti la pili linabeba mzigo wa mawili. Kukunja huendelea kuongezeka kwa miezi. Kunyoosha kukichelewa, kukurudisha ni kazi ngumu, na hata ile ya kulazwa usingizi goti likanyooshwa na daktari husaidia zaidi kukunja.

Fizio_Kakamega

Mwalimu amesema vizuri, na mimi naongezea kutoka upande wa kazi.

Dada, kwanza jua tatizo ni lipi. Mama akiwa amelala chali, ametulia kabisa, shika kisigino ukiinue kidogo kutoka kitandani. Goti likishuka na kunyooka mikononi mwako, lakini yeye akiinua mguu mwenyewe linapinda, basi msuli wa paja ndio dhaifu. Azidishe lile zoezi la kubana kiganja. Lisiposhuka hata ukimshika wewe, goti lenyewe limekaza, na hapo kuweka kisigino juu ya shuka au leso iliyokunjwa ndiyo dawa kuu. Wengi wana yote mawili.

Kliniki muulizeni daktari aliyepasua: pale mezani goti lilinyooka kabisa? Kama lilinyooka, mazoezi yana kazi ya kulinda kilichopatikana. Kama halikunyooka, fizio anahitaji kujua mapema.

Akitembea na fremu ya kujishikilia, kisigino kitangulie kugusa chini na goti linyooke anapolikanyagia. Wengi hutembea kwa vidole kwa woga.

Msiruhusu mtu kulisukuma goti kwa nguvu, wala mkandaji kulichua. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au akikosa pumzi au kuumwa kifua, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Damu inaweza kuwa imeganda mshipani. Usaha, homa au kidonda kinachozidi kuwa chekundu pia si vya kusubiri tarehe.

NyarAhero

Mwalimu, daktari, Mungu awabariki. Nimejaribu kile kipimo. Nikishika kisigino goti linashuka, linabaki pengo la vidole viwili hivi. Akiinua mwenyewe linapinda zaidi. Shangazi alisoma ujumbe wa Mwalimu kwenye simu yangu, akautoa mto mwenyewe. Sasa yeye ndiye msimamizi: taarifa ya habari ikianza redioni, kisigino kinapanda juu ya leso mpaka taarifa iishe. Swali la mwisho: mama anataka kurudi kwenye kigoda chake cha jikoni. Anaruhusiwa?

Fizio_Kakamega

Kigoda hapana kwa sasa. Ni cha chini mno, kuinuka kutamtesa, na atakaa goti likiwa limekunjwa saa nzima akichambua mboga. Apewe kiti kirefu chenye mikono, na kiti kingine mbele yake cha kuwekea kisigino anapofanya kazi hiyo.

Pengo lipime kwa vidole vyako, asubuhi kabla ya uvimbe wa mchana, uandike. Karatasi hiyo mpeleke nayo kliniki. Likiongezeka, au likikaa pale pale wiki nzima licha ya mazoezi, pigeni simu mwombe tarehe ya karibu zaidi.