Supavaiza anataka nihesabu maneno kwa kompyuta, mwalimu wangu wa zamani anasema hiyo siyo fasihi. Nishike lipi?

Msomaji_wa_Usiku

Habari zenu wakuu. Mnivumilie maana ni refu kidogo.

Nipo mwaka wa pili wa uzamili, nasomea fasihi ya Kiswahili. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kuchukua riwaya sita nizisome kwa kina, niangalie waandishi wanavyoeleza hisia kupitia neno moyo, yaani nani anavunjika moyo, nani anapiga moyo konde, nani analiweka jambo moyoni halisemi. Kazi ilikuwa inaenda vizuri tu. Sasa supavaiza niliyeanza naye kastaafu, aliyekuja baada yake akaniambia sita ni chache, chukua riwaya 40 za miaka tofauti, zipige skani zote, ziingize kwenye kompyuta uone neno linapanda au linashuka. Nikaenda kumsalimia yule mzee nikamweleza, akanyamaza muda mrefu halafu akasema fasihi haihesabiwi, inasomwa.

Nikaamua nimtii aliye kazini. Miezi mitatu nafungua vitabu, vingine karatasi imeshageuka njano na inamong'onyoka kwenye kingo, napiga skani ukurasa kwa ukurasa, nikageuza picha kuwa maandishi, nikaweka Voyant, ile programu ya kuhesabu maneno, grafu ikatoka safi kabisa: riwaya za zamani moyo haba, za karibuni moyo umejaa. Nikafurahi mno, nikaandika kurasa 12 kueleza jinsi waandishi wapya walivyogeukia ndani ya mtu.

Juzi usiku nikafungua riwaya moja ya zamani ambayo naijua karibu yote kichwani. Ukurasa wa kwanza tu neno moyo lipo mara tatu. Kompyuta ilikuwa imehesabu sifuri. Nikafungua faili la maandishi kuangalia, pa kwanza imeandikwa "rnoyo", pa pili neno limekatwa mwisho wa mstari, "mo-" iko juu na "yo" iko chini, pa tatu ni "moyoni" ambayo sikuitafuta kabisa. Kumbe grafu yangu haikuwa inaonyesha waandishi wamebadilika, ilikuwa inaonyesha karatasi imezeeka. Nililia jamani, sisemi uongo.

Naomba ushauri wenu. Nirudi kwenye riwaya zangu sita au niendelee na hizi 40? Na kwa dhati kabisa, hii bado ni fasihi?

Kalamu_na_Karatasi

Pole sana mdogo wangu. Kwanza futa machozi, maana kosa umeliona mwenyewe kabla ya watahini, na umeliona kwa sababu kile kitabu ulikuwa umekisoma. Asiyekisoma angeipeleka ile grafu mpaka kwenye utetezi.

Kuhusu kama ni fasihi au siyo, nikupe habari ya padri mmoja Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa. Alikuwa anatafiti dhana ya uwepo kwenye maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa zama za kati, akahangaika na maneno makubwa makubwa mpaka akagundua kwamba jibu limejificha kwenye kineno kidogo cha Kilatini, "in", chenye maana ya "ndani ya". Akaandika kwa mkono kadi 10,000, kila kadi sentensi yenye hako kaneno. Ndipo mwaka 1949 akavuka bahari mpaka New York kumwona Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya mashine ya IBM, amwombe mashine. Kazi ikala kama miaka 30, maneno karibu milioni 11, ikachapwa vitabu 56. Unaona mtiririko wake? Swali lilikuja kwanza, kadi zikafuata, mashine ikawa ya mwisho. Wewe ulikuwa na swali zuri la moyo, ukaja kupewa mashine, halafu swali likageuka kuwa "linapanda au linashuka", na hilo halikuwa swali lako.

Na tusisahau kwamba mashine za wakati ule zilisoma kadi zenye matundu, na zile kadi hazikujitoboa zenyewe, walikaa wasichana kibao kuzitoboa siku nenda rudi na majina yao kwa miaka mingi hayakutajwa popote. Wewe umeskani kwa mikono yako miezi mitatu, kwenye tasnifu iandike hiyo kazi, usiipite kwa sentensi moja.

Fundi_Maandishi

Mkuu usitupe kitu chochote, data yako inaponyeka. Mimi kazi yangu ya kila siku ndo hii ya kugeuza picha za vitabu kuwa maandishi, na hiyo "rn" kuwa "m" au "m" kuwa "rn" ni ugonjwa tunaoujua wote. Vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1700 vilikuwa na herufi ya s ndefu inayofanana na f, kwa hiyo mashine inasoma "best" kama "beft", ndo maana kwenye matoleo ya mwanzo ya ile grafu ya Google inayoonyesha neno limetumika kiasi gani kila mwaka, ulikuwa ukitafuta "beft" unaikuta imejaa kabla ya 1800 halafu inapotea, mtu asiyejua angedhani kulikuwa na neno likafa.

Fanya hivi. Chukua riwaya tano za zamani zaidi, kila moja kurasa kumi, usichague zilizo safi, okota tu bila kuangalia. Zisome kwa macho hesabu moyo ziko ngapi, halafu hesabu kwenye faili ziko ngapi. Hiyo tofauti ndo kipimo cha uaminifu wa data yako na uiandike kwenye sura ya mbinu bila aibu. Ikiwa kubwa, piga skani upya hizo za zamani kwa picha zenye ubora mkubwa, na programu uiambie lugha ni Kiswahili, wengi wanaiacha kwenye Kiingereza halafu inayasahihisha maneno yetu kuelekea Kiingereza. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yaunganishwe kabla hujahesabu chochote. Halafu tafuta moyo, mioyo, nyoyo, moyoni, mioyoni, nyoyoni, zote, ila usitafute "oyo" peke yake maana utaletewa na uchoyo.

Picha za awali usizifute kamwe. Na hayo mafaili ni ya utafiti wako, vitabu vingi bado vina haki miliki, usiyasambaze kwenye magrupu.

Mzee_wa_Tungo

Mimi nasimama na huyo mwalimu wako. Nimefundisha ushairi muda mrefu na sijawahi kuona namba inayonieleza kwa nini mstari mmoja unanitoa machozi na mwingine hapana. Kompyuta yako itahesabu "alivunjika moyo" na "kwa moyo mmoja" na "ana moyo huyu" na "alihifadhi shairi kwa moyo" kuwa ni mambo manne ya aina moja, wakati la kwanza ni huzuni, la pili ni umoja, la tatu ni ushujaa au ukarimu kutegemea anayesema, na la nne ni kumbukumbu tu. Umejumlisha nini hapo? Soma riwaya zako sita mwanangu, uzisome mara tatu tatu.

Fundi_Maandishi

Mwalimu nakubaliana nawe kuhusu maana, ndo maana namba tupu haitoshi. Ila kuna programu kama AntConc, ya bure, unaipa neno inakupangia kila sentensi lilipotokea, neno linakaa katikati na wenzake kushoto na kulia, mistari mia tano kwenye meza moja. Pale kuainisha hii ni huzuni hii ni ushujaa ni kazi ya mtu, tena mtu kama wewe uliyefundisha tungo. Kompyuta imekusogezea tu.

Mzee_wa_Tungo

Hiyo ya kupanga sentensi naielewa. Hiyo ni kama zile kadi za padri.

Nukta_Mkato

Niongezee hapa maana watu wanadhani kuhesabu maneno ni mchezo. Kuna insha 85 za Marekani za mwaka 1787 na 1788 za kutetea katiba yao, zilitoka kwa jina moja la kificho, na insha 12 zilibaki na mgogoro, ni za Hamilton au za Madison, wanasiasa wawili wa wakati ule? Wanahistoria walibishana mno. Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Mosteller na Wallace, wakachapisha jibu, na hawakuangalia mawazo ya siasa, waliangalia vineno ambavyo mwandishi hata hajui anavitumia. Hamilton alizoea "while", Madison "whilst". Hamilton alipenda sana "upon", Madison karibu haigusi. Zote 12 zikaangukia kwa Madison.

Ila, na hapa ndo nataka watu wa Kiswahili tusikilizane, mbinu hiyo huwezi kuibeba nzima nzima ukaileta kwenye lugha yetu. Vineno vyetu vidogo kama ya, wa, za, la vinafuata ngeli. Riwaya yenye watu wengi itajaa "wa", yenye nyumba na safari itajaa "ya" na "za", hiyo ni mada siyo mtindo wa mwandishi. Na "na" ndo usiseme, inaunganisha, inaonyesha mtendaji, na wakati huohuo imejificha ndani ya vitenzi. Bora uangalie lakini, bali, ingawa, ijapokuwa, basi, hata hivyo, hivyo mwandishi anachagua mwenyewe. Tena kitenzi kimoja tu kama penda: nilipokupenda, wakapendana, hawajapendwa, kwa kompyuta ni maneno matatu yasiyojuana. Zana nyingi zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno linabadilika kidogo tu, sisi lazima tuzikarabati. Kuna Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi kwenye kompyuta, yale maandishi yamewekewa alama za aina za maneno, itazame uone wenzetu walivyolichambua neno.

Pwaguzi

Kwani kwa nini usiipe tu akili mnemba riwaya zote 40 ikuandikie muhtasari wa hisia? Siku moja umemaliza.

Kalamu_na_Karatasi

Kwa sababu akili mnemba inaweza kumtungia nukuu ambayo haimo kitabuni na ikamwekea na namba ya ukurasa. Nimesahihisha kazi ya mwanafunzi yenye nukuu tatu za namna hiyo, nilipekua kitabu jioni nzima nikidhani mimi ndo sioni. Sikatai kifaa chenyewe. Magombo ya Herculaneum, mji wa kale wa Italia, yaliungua mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, ukijaribu kuyakunjua yanasagika, wakayapiga picha za eksirei yakiwa yamekunjwa hivyohivyo, wakafundisha programu kuutambua wino, na Oktoba 2023 likatangazwa neno zima la kwanza, la Kigiriki, maana yake zambarau. Lakini kila herufi ilihakikiwa na wanaojua Kigiriki cha kale, walikaa wakazibishania. Kazi ya macho haikuruka.

Kumbukumbu_Hai

Mimi ni wa historia, naongea kidogo. Tuna hifadhidata ya safari za meli zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki, safari zaidi ya 36,000. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na makadirio yake ya ni watu wangapi walipandishwa melini, leo tunaweza kusema ni kama milioni 12 na nusu tukaonyesha na namna tulivyofika hapo. Hiyo haiwezekani kwa kusoma daftari moja kwa kina. Lakini madaftari yale yaliandikwa na wenye meli, kwa hiyo nahodha ana jina na mtu aliyefungwa chini ni tarakimu. Kila ninapofungua zile safu nalazimika kukumbuka nani alishika kalamu. Dada, na wewe jiulize riwaya zako 40 nani alizichagua. Ni zile zilizokuwepo maktaba? Zilizochapwa tena? Ambazo hazikupona hazimo kwenye grafu yako.

Msomaji_wa_Usiku

Wakuu nimerudi, siku kumi zimepita. Nilifanya kama Fundi alivyosema. Kurasa hamsini, kwa macho nimekuta moyo na ndugu zake mara 61, kwenye faili zilikuwa 38. Nimeskani upya riwaya tisa za zamani, nimeunganisha maneno yaliyokatika, nikahesabu tena. Grafu imelala, hakuna kupanda wala kushuka. Zile kurasa 12 nimezitoa.

Sasa nikapanga sentensi kama mlivyonielekeza, nikawa nazisoma moja moja usiku, na kuna kitu nimekiona. Kwenye za zamani mhusika akifikiria jambo anakuwa "akasema moyoni". Kila mahali, akasema moyoni, alijiambia moyoni mwake. Kwenye za karibuni mawazo yapo vilevile lakini moyoni inapungua, inakuja akawaza, akajisemea. Vitabu ni vichache bado sithubutu kuyaita matokeo, ila kama ni kweli basi mawazo ya mhusika yamehama mahali, na kwa kusoma sita tu nisingeliona, na kwa grafu pia nisingeliona.

Nilichapa zile sentensi nikampelekea mzee wangu. Alisoma ya kwanza, ya pili, halafu akaomba kalamu ya risasi akaanza kuweka alama pembeni, hii ni mawazo, hii ni kiapo, hii ni sala. Nimemwachia karatasi zote.

Nina swali moja limebaki. Akajisemea na akawaza nizihesabu pamoja au mbalimbali?

Mzee_wa_Tungo

Mbalimbali. Mtu anaweza kujisemea kwa sauti. Rudi kwenye kila sentensi uangalie kama kuna mwingine chumbani.