Kupepeta mtama tu kumetushinda?

Mjukuu_wa_Mvumi:
Wakuu habari za jioni. Wikiendi nilienda Mvumi kwa bibi na mdogo wangu, yuko mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, bibi akampa ungo apepete mtama wa ugali. Aisee! Kaurusha juu kama anarusha mpira, punje zote chini, pumba ndo zimebaki kwenye ungo, kuku wakala sikukuu. Bibi hakusema kitu, akamnyang'anya tu ungo. Nikacheka sana ila njiani nikawaza, mi mwenyewe kukausha mlenda najua au najua kuula tu? Nyie mnaona nini kinapotea hapa kwetu?

shangazi_Kongwa:
Mlenda ndo wenyewe mwanangu. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo mboga za majani utazisikia redioni. Ndo maana unachumwa masika, unaanikwa mpaka ukiushika unavunjika, unatwanga, unachekecha, unaweka. Binti zangu wananunua wa kupimiwa sokoni Majengo, sawa, lakini hata kuupika ni shida, wanamwaga unga wote kwenye sufuria kwa mara moja unakuwa mabonge. Unanyunyiza kidogokidogo maji yakichemka, mkono mwingine unakoroga, halafu ndo karanga. Kazi ngumu hiyo jamani?

Fundi_Bati:
Shangazi usiwalaumu watoto tulaumu sisi mafundi 😂 Tembe, ile nyumba yetu ya asili, lilikuwa na paa bapa la udongo, mlenda, mtama, vyote vinaanikwa huko juu mbuzi hafiki. Sasa tumewaezekea bati lenye mteremko, mtu ataanika wapi? Na wazee wa kujenga tembe wanaisha, mi najua bati tu, ukinipa kazi ya kupanga boriti na fito nishindilie udongo paa lisivuje, ujue nakutapeli.

kijana_Nzuguni:
Mnatusema sana wazee. Babu yangu alikuwa anachanganya mahindi na majivu kwenye kihenge, kwa wadudu wa enzi zile ikawa poa, kaja dumuzi, huyu mnayemwita skania, kwa mara ya kwanza nchini alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80, akasambaa, mzee siku moja anafungua kihenge anakuta vumbi tupu. Mi leo naweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, mdudu anakosa pumzi anakufa, dawa sitii. Na kupogoa zabibu najua, navuna mara mbili kwa mwaka, babu hakuwahi kushika mkasi. Kwa hiyo nani hajui kitu hapa?

shangazi_Kongwa:
Hongera baba. Ugali utaula na zabibu?

kijana_Nzuguni:
😂😂 Shikamoo shangazi, yaishe.

Mjukuu_wa_Mvumi:
Nimempigia bibi sasa hivi. Fundi umesema kweli, anasema tangu baba mdogo amuezekee bati mwaka juzi anaanika chini kwenye mkeka na kuku ni walewale. Kukifundisha kizazi hiki hana shida, ila niende na turubai, na niende masika sio Agosti kama mgeni. Dogo nimemwambia tuende wote, kakubali, eti yeye atashika simu arekodi.